Alama Chini ya Tangi la Baba

Jumamosi, Kyuso. Upepo tangu asubuhi, vumbi tele, na anga tupu lisilo na hata kiwingu cha kudanganya watu.

Sijaandika hapa tangu tumzike Baba. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nilipaswa kulisema mchana nikalimeza, na limenikwama. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nyumbani kwa wazazi wangu, simu imechomekwa kwenye waya wa sola unaopitia dirishani. Nimenawa mara mbili na mikono bado inanuka chuma. Nyuma ya nyumba Mwaitu anapeta ndengu, nausikia ungo. Mwaitu ni mama yangu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, hata tukiwa tumekosana naye. Niliporudi alinitazama usoni, akaendelea na ndengu zake. Ananijua. Anangoja nianze mwenyewe.

Niseme tu hapa kwanza, nipate mazoezi. Tangi la Baba haliwezi kujazwa maji.

Na kesho ndiyo siku ya kulijaza.

Kwa aliye mgeni kwenye blogu hii, kazi yangu ni kuchunguza vyuma bila kuvipasua. Naishi Sultan Hamud, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, na kampuni iliyoniajiri hunituma popote penye daraja, bomba au tangi. Natumia mashine ya mawimbi ya sauti, sauti nyembamba mno ambayo hata mbwa hawezi kuisikia. Unapaka jeli juu ya chuma, unabandika kichwa cha mashine, sauti inaingia. Ikikutana na ufa huko ndani, inarudi kabla ya wakati wake. Mashine za zamani zilikuwa na sikio moja, zikikupa mstari wa kurukaruka, ukabaki kukisia. Kichwa cha hii yangu kina vipande vingi vidogo vilivyopangwa kama meno ya kitana. Kila kimoja kinapiga sauti yake kikichelewa kidogo tu nyuma ya mwenzake, na kwa kuchelewa huko sauti inapinda, inafagia chuma chote kilicho mbele yake huku mkono wangu umetulia. Majibu yanakusanywa yanakuwa picha. Pasipo na kasoro pana buluu. Penye kasoro panawaka nyekundu.

Mwaitu huwaeleza majirani kwa njia fupi zaidi. Anasema ni ile scan ya wajawazito, ila hii ni ya vyuma. Kwa hivyo leo asubuhi nilipopita sokoni na begi la mashine, akina mama wa mboga waliniuliza kama tangi limebeba mvulana au msichana. Nikawaambia nitawajulisha jioni. Tulicheka. Sasa jioni imefika, chumvi imeisha nyumbani, na ninaogopa kwenda sokoni kununua.

Tangi liko karibu na shule, mwendo mfupi kutoka hapa. Baba alilisumbukia miaka mingi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maji, kikundi chenye watu wa koo mbalimbali ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya siku ya mkutano. Kisima kilikuwepo, pampu ya sola ikapatikana. Kilichokosekana ni mahali pa kuyaweka maji juu ili yateremke yenyewe hadi kwenye mifereji ya kukingia, mtu asishinde kwenye foleni na punda wake hadi jua limpige utosini.

Nguzo za saruji walizijenga wenyewe, kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo watu wa huku wamefanyia kila kitu kikubwa walicho nacho. Wengine walibeba mawe, wengine mchanga, wengine walileta uji. Kilichowashinda ni chuma cha kulala juu ya nguzo kibebe tangi. Baba akanipigia simu akaniuliza kama huko ninakoishi, kwenye mji wa reli, hakuna chuma. Kulikuwa na mfanyabiashara Sultan Hamud aliyenunua reli kuukuu kwenye mnada. Zilikuwa zimelala uani kwake, nzito ajabu, zimeliwa kidogo tu pale juu magurudumu yalipopita.

Baba alikuja mwenyewe kuzichagua. Alivaa koti la Jumapili kwenda kuangalia vyuma chakavu. Nilizipima moja baada ya nyingine, naye amechuchumaa kando yangu akikodolea macho skrini asiyoielewa.

"Hiyo buluu ndiyo nzuri?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Basi akawa anatamka, "Buluu. Buluu," kila nilipomaliza reli, kama anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Mwenye ua alidhani mzee wangu ana walakini kichwani. Reli zote zilikuwa safi. Siku ile nilijiona mtu wa maana sana, kuliko siku niliyopata cheti.

Zilipofika Kyuso zikapandishwa juu ya nguzo. Wakati huo mimi nilikuwa nimetumwa Pwani kwa kazi ndefu. Hapo ndipo lilipokuja wazo la alama.

Huku kila ukoo una alama yake. Ng'ombe huchomwa nayo pajani na mizinga ya nyuki huchongwa nayo, ili mnyama akipotea au mzinga ukikutwa kwenye mti wa mbali kusiwe na maneno. Vijana wengi hawazijui tena. Baba alizijua zote, hata za koo asizozipenda. Akasema kila ukoo uliochangia tangi uwe na alama yake kwenye reli. Isiwe ya rangi, maana rangi ya huku haimalizi kiangazi. Iwe chuma juu ya chuma. Na ziwekwe upande wa chini, kwenye tumbo la reli, ili mtu anayekinga maji akiinua macho aone kwamba ukoo wake umo. Wote walikubali. Mwaitu anasema ndiyo mara ya kwanza kikundi kile kilikubaliana bila kupiga kura.

Aliyezichomelea ni Kilonzo, fundi wa vyuma wa hapa sokoni. Nusu ya milango na mageti ya Kyuso yametoka mikononi mwake. Alipanda na mashine yake ya kuchomelea, Baba amesimama chini akimwonyesha kwa fimbo. Alama yetu ilikuwa ya kwanza, na Baba akataka ipitiwe mara mbili ili isimame vizuri. Hayo nimeyasikia leo. Jioni ile Baba alinipigia simu akiwa na furaha, akasema tu kwamba sasa kila ukoo una alama yake kwenye tangi. Mimi nikafikiria kopo la rangi na brashi. Nikamwambia ni vizuri.

Halafu kifua kikamlaza, na hakuamka. Wakati wa mazishi sikufika kwenye tangi. Niliona paa lake kwa mbali nikageuza uso.

Hapa lazima nieleze kitu, kwa sababu hakuna aliyefanya uzembe. Chuma cha geti ni laini. Unakichomelea utakavyo, kinavumilia. Chuma cha reli ni kigumu, kimetengenezwa kupigwa na magurudumu miaka na miaka. Ukikigusa na moto mkali mahali padogo bila kukipasha joto kwanza, reli nzima iliyo baridi inaunyonya ule moto kwa haraka sana, na pale palipoguswa panakuwa pagumu kupita kiasi, pa kuvunjika kama kigae. Kikipoa kinajivuta, na kikijivuta kinapasuka chini ya kile ulichochomelea. Nje kunapendeza. Ufa uko ndani. Na tangi likijaa, reli inalemewa katikati na tumbo lake ndilo linalovutwa, kwa hiyo ufa unazidi kufunguka. Chini ya reli hizo kuna mifereji, na kwenye mifereji watakuwepo watoto wa shule na vibuyu vyao.

Ofisi ya maji ilikuwa imesema pampu haitaunganishwa kabla mtu hajapima kile chuma. Kikundi kikajibu mpimaji yupo, ni binti wa marehemu mwenyekiti. Kampuni ikaniazima mashine kwa wikendi. Nilikuja nikiwa na hakika kabisa. Nilibeba hata gauni la kesho.

Kilonzo alinishikia ngazi. Mwaitu alikuwa amenipa chupa ya maji ya kuoshea vumbi kwenye reli, akanionya nisiyamwage ovyo, kwa hiyo niliosha kwa kulowesha kitambaa. Nilianza na ncha, pale reli zinapokaa juu ya nguzo. Buluu. Mashimo ya boliti, buluu. Tangi tupu lilikuwa likivuma kwa upepo juu ya kichwa changu, nami nilikuwa nikiimba wimbo wa kanisani kwa kinywa kilichofumbwa. Kisha nikafika kwenye alama iliyokuwa karibu, ya ukoo wa majirani zetu. Nikapaka jeli juu ya mguu wa reli, ule ubapa wake wa chini, mgongoni mwa ile alama, nikaituma sauti ishuke hadi chini yake.

Kwenye skrini ukasimama mstari mwekundu.

Nilijua papo hapo, nikajifanya sijui. Nilipangusa jeli nikapaka nyingine. Nilikagua waya. Nilijaribisha mashine kwenye kile kipande cha chuma ninachotembea nacho begini, ambacho najua kila kasoro yake, nayo ikanijibu sawasawa. Nikarudi kwenye reli na mstari ulikuwa pale pale. Nikaenda kwenye alama ya ukoo mwingine, nao ulikuwepo. Kwenye iliyofuata ulikuwepo, mfupi kidogo. Kila palipokuwa na alama chuma kilikuwa kimepasuka, na pasipokuwa na alama kilikuwa safi kama siku ile kule uani Sultan Hamud.

Yetu niliiruka. Nilifika nikaona ile mistari miwili na kiupinde chake, ile ile niliyokuwa nikiigusa kwa kidole kwenye mizinga ya babu nikiwa mdogo, nikapita. Nilipima zote zilizobaki. Kisha nikajikaza kisabuni nikarudi.

Yetu ndiyo mbaya kuliko zote.

Ile mara ya pili aliyoitaka Baba ilikipasua zaidi. Ufa umekula karibu nusu ya unene wa mguu wa reli, na mashine ilinionyesha hata ncha yake, kidoa kinachowaka mahali unapoishia. Nilikaa pale juu nikikitazama hadi jeli ikaanza kukauka kwa upepo. Nikalia kidogo. Vumbi lilikuwa jingi, nadhani hakuna aliyeona.

"Mwende, iko sawa?" Kilonzo akauliza kutoka chini.

Nikamwambia angoje.

"Ukiniambia ningoje najua haiko sawa."

Nilishuka nikamwonyesha picha. Kilonzo ni mtu wa mzaha, ukimpelekea mlango uliopinda atakuuliza ni nani umemfungia ndani. Leo hakutania. Aliinamia skrini, akaangalia kile chekundu, akaangalia juu kwenye reli, akarudi kwenye skrini.

"Kwani hii kitu inaonanga mpaka ndani ya welding?"

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, labda vibaya zaidi. Alisikiliza hadi mwisho akijipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Halafu akaniuliza, "Na kama ni fundi mwingine angechoma, hata wa Nairobi na mashine kubwa, bado ingepasuka?"

"Akichoma hivyo, ingepasuka tu. Shida si mkono wako. Shida ni kuweka moto kwa hiyo reli."

"Na kuweka moto ilikuwa ni wazo ya Mzee, baba yako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehakikisha vipimo kabla hajakata. Niliitikia kwa kichwa.

Alikitia kile kitambaa mfukoni. Kisha akasema, "Basi sikiza. Ukiulizwa, sema ni welding yangu ilikuwa mbaya. Mzee amelala, tusimwamshe na maneno. Kesho jina yake ndio itasomwa hapa, watu wamejua hivyo. Mimi niko mzima, nitapata tu kazi ingine."

Nilimwambia aache upuzi. Lakini nilimwambia kwa sauti ndogo, naye alisikia kwamba ni ndogo.

Hatukuwa tumemaliza alipofika Mzee Mutua, mwenyekiti mpya, aliyekuja kuangalia mahali pa kusimamisha hema la kesho. Ibada ingefanyika pale pale, pampu iwashwe, mchungaji aombe, na tangi lipewe jina la Baba. Mzee Mutua ni mzee wa kanisa, mtu wa polepole na wa haki, na alikuwa rafiki ya Baba. Nilimwambia tone la maji lisiingie kwenye tangi. Nilimwambia hema lisikaribie nguzo na njia ya watoto kupita chini ifungwe leo. Nilimwambia nyufa ni nyingi na reli zote zenye alama lazima ziteremshwe, zitafutwe nyingine. Hayo niliyasema wazi, na kwa hayo najishukuru.

"Aiya," akasema, akatafuta jiwe akakaa. "Mwende, watu wamealikwa. Ng'ombe amechinjwa."

"Najua, Mzee."

"Mvua ikikuja kabla tupate reli ingine, barabara itakatika. Itakuwa mpaka mwaka ujao."

"Najua."

Alilitazama tangi muda mrefu. Mimi nilikuwa nikifikiria zile mvua za Novemba, jinsi kila mtu huziombea, na jinsi safari hii zitatuletea hasara nyingine. Halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Na ni nani aliharibu hii kazi?"

Kilonzo akasema, "Ni mimi, Mzee. Nilichoma vibaya."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mashine mkononi, picha bado iko kwenye skrini.

Sikusema neno.

Mzee Mutua hakumfokea. Ingekuwa afadhali angemfokea. Alimtazama kwa huzuni akasema, "Yale madirisha ya kanisa, tutatafuta fundi mwingine." Kilonzo akajibu, "Sawa, Mzee." Madirisha hayo ndiyo kazi kubwa aliyopata mwaka huu. Mkewe alinisimulia jana, sokoni, kwamba yakiisha watapaua nyumba yao. Kilonzo aliikunja ngazi yake akaiweka begani, akaniaga kama kawaida, na akaondoka.

Nimekuwa nikijiuliza tangu saa ile kwa nini nilinyamaza. Jibu si gumu, ni la aibu tu. Nilitaka Baba abaki na kesho yake. Alikufa bila kuona maji yakitoka kwenye mfereji, na nilifikiri angalau jina lake lisomwe mbele ya watu bila mtu kunong'ona. Nilikuwa tayari kulinunua jina hilo kwa jasho la mtu mwingine, na mtu huyo akanisaidia kulinunua.

Tena nimemkasirikia Baba. Sijawahi kuliandika jambo kama hili. Alikuwa akinipigia simu kuniuliza kila kitu kuhusu tangi lile: boliti za ukubwa gani, rangi gani haipitishi kutu, kama chuma hupata joto mchana kikarefuka. Kwa alama hizi hakuniuliza. Labda hakuona kwamba ni kazi ya chuma, aliona ni mambo ya watu wake. Ningekuwa karibu ningemwambia hapana, angenuna siku mbili, wangepaka rangi, na leo tungekuwa tunapika. Hasira hii sina pa kuipeleka. Anayestahili kuipokea yuko nyuma ya zizi chini ya msalaba wa mbao, na nikienda pale najua nitalia tu.

Mwaitu ameniita. Ngoja kwanza.

Nimerudi. Jua limeshuka, kuku wanapanda kwenye mti wao.

Aliniwekea kigoda mbele ya ungo, akanisukumia ndengu nichambue mawe. Hiyo ndiyo namna yake ya kukuhoji. Mikono ikiwa na kazi mdomo unalegea. Tulizungumza Kikamba, kwa hiyo maneno haya nayageuza. Nilianza na reli, nikafika kwenye alama. Hapo aliuweka ungo chini. Akaniuliza kama na yetu imepasuka. Nikamwambia yetu kuliko zote, kwa sababu ilipitiwa mara mbili.

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha yoyote. "Nilimwambia mara moja inatosha," akasema. "Nilikuwa pale na uji. Nilimwambia, baba Mwende, ukoo wako wanauona. Akasema wewe nyamaza."

Kisha akafuta macho kwa ncha ya leso, akaendelea kupeta. Nikadhani yamekwisha. Lakini nilikuwa nimebakiza la Kilonzo, nikalitoa haraka haraka ili nisilirudishe tumboni. Nilimweleza alivyosema mbele ya Mzee Mutua, na habari ya madirisha.

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu, Mwaitu."

Ungo ulisimama. Nilichambua ndengu ambazo hazikuwa na jiwe hata moja.

"Kilonzo ana watoto na nyumba haina paa," akasema mwishowe. "Baba yako ana kaburi. Hakuna mtu atakayemnyima kazi."

Nilingoja anikaripie, hakunikaripia. Aliniuliza kitu kingine kabisa, zile reli zikiteremshwa zitapelekwa wapi. Nikamwambia zenye alama zitakatwa vipande, ziuzwe kama chuma chakavu. Akasema anataka kile kipande chenye alama yetu. Kikundi wakimpa, atakiweka pale kwa Baba, kwa sababu ule msalaba wa mbao mchwa wameshauanza.

"Huo ufa utaonekana?" akauliza.

Nikamwambia hauonekani kwa macho. Ni mashine tu inayouona.

Alifikiri kidogo. "Basi mtu akiniuliza, nitamwambia upo."

Akajitwika ungo akaingia ndani, akaniacha na mawe yangu matatu kiganjani.

Nimempigia Kilonzo. Simu imezimwa. Nitapitia kwake asubuhi kabla ya ibada, nimwambie nitakachosema, maana si vizuri alisikie mara ya kwanza pamoja na watu. Najua atakataa. Kisha nitamwona Mzee Mutua kuhusu madirisha. Kisha nitasimama mbele ya wote, pale ambapo jina la Baba lingesomwa, na sijui kabisa nitaanza na sentensi gani. Naweza kueleza sauti na chuma mpaka watu wasinzie. Kusema kwamba Baba aliwapenda wote akataka kila mmoja ajione juu ya tangi lile, na kwamba hicho ndicho kilicholipasua, sijui kama mdomo wangu utafika mwisho.

Gauni nimelirudisha kwenye begi. Kesho nitavaa ovaroli yangu na nitakwenda ibadani na mashine, ili maneno yakinikimbia niwashe skrini niwaonyeshe. Nitaanza na alama yetu.